TSH ya kawaida, mgonjwa taabani: kisa cha mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni

Mgonjwa wa kisa hiki si mtu mmoja halisi. Ameundwa kwa kufuata sura ambayo ugonjwa huu huja nayo mara nyingi, na zahanati alizopitia hazitajwi. Vipimo na dozi ndivyo vinavyotumika kweli kazini. TSH ni homoni inayoiamuru tezi ya shingoni, thairoidi, ifanye kazi.

Ni mwanamke wa miaka 34, anauza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ana kilo 58. Wenzake walimleta saa 5 asubuhi baada ya kuanguka kati ya magunia. Presha yake ilikuwa 78/46, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, joto 36.1, sukari ya kidole 2.7. Alikuwa anaitika jina lake, lakini ukimuuliza leo ni siku gani anakutazama tu. Alitapika usiku kucha. Alfajiri alipita zahanati ya mtaani, akatundikiwa dripu ya sukari ya asilimia 5, lita moja, akasema amepata ahueni, akaenda zake sokoni.

Waliomleta walisema ana "presha ya kushuka" ya siku nyingi. Walisema pia jambo ambalo ni rahisi kulipuuza: wiki iliyopita alianzishiwa dawa ya tezi, akachangamka siku tatu nne, halafu hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Sodiamu ilikuwa milimoli 117 kwa lita (inatakiwa 135 hadi 145), potasiamu 4.2, figo salama. Mtu akishuka presha, akatapika na kulegea ukanda huu wa ziwa, mawazo hukimbilia malaria, taifodi au chakula kibovu, na si kosa kuanza na hayo. Ila kipimo cha malaria kikiwa safi, na presha, sukari na sodiamu vimeshuka vyote kwa mpigo huku potasiamu ikibaki ilipo, inabidi kufikiria zaidi ya hayo. Na mkobani kulikuwa na pakiti ya ile dawa ya tezi, levothairoksini, ya mikrogramu 100, vidonge 11 vimeshaliwa.

Hapo ndipo historia ilipoanza kuulizwa upya, kwa dada yake, dripu ikiwa inaingia.

Miaka minne nyuma, mgonjwa alijifungua mtoto wa tatu kisiwani Ukerewe. Kondo la nyuma lilichelewa kutoka, damu ikamwagika nyingi, akavushwa kwa boti akiwa hajitambui, akaongezewa chupa nne za damu. Alipona, mtoto naye akapona. Lakini maziwa hayakutoka hata tone. Nyumbani walimpikia supu ya sato na uji wa karanga, wapi. Mtoto alilelewa kwa maziwa ya kopo na ya ng'ombe. Hedhi nayo haikurudi mpaka leo. Kila alipouliza aliambiwa ni sindano ya uzazi wa mpango, ilhali hakuwahi kuchomwa. Miaka iliyofuata ikawa ya uchovu, ngozi kavu, choo kigumu, kizunguzungu akisimama, na baridi. Dada yake anasema anavaa sweta saa 8 mchana jua likiwa kali, watu wakimcheka.

Muuguzi ndiye aliyeuliza swali lililofunga mjadala. "Mama, hizi kwapa unanyoa?" Mgonjwa akajibu kwa sauti ndogo, "Nywele zenyewe hazioti, dada. Mwaka wa tatu huu."

Kuvuja damu nyingi wakati wa uzazi, maziwa kutotoka, hedhi kutorudi, nywele za kwapa na za sehemu za siri kupukutika: mambo haya manne yakikaa pamoja yanatosha kumfanya mtabibu asimame. Ni ugonjwa wa Sheehan, kwa jina la daktari wa Uingereza Harold Sheehan aliyeueleza mwaka 1937. Nchi ambazo mama akivuja damu huokolewa haraka huuona kwa nadra. Penye visiwa na boti, hauna budi kuwa kwenye orodha ya mawazo.

Kilichoharibika ni pituitari, tezi ya ukubwa wa njegere inayoning'inia chini ya ubongo. Ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: hutuma TSH kwa tezi ya thairoidi shingoni, ACTH kwa tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, prolaktini kwa matiti, FSH na LH kwa ovari. Wakati wa ujauzito pituitari hukua sana kwa sababu chembe za prolaktini huongezeka, ila njia yake ya damu haikui kwa kiasi hicho. Tena sehemu yake ya mbele hulishwa zaidi na mishipa inayoteremka kutoka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake, yenye msukumo mdogo. Mama akipoteza damu hadi presha ikaanguka, tezi hii iliyonenepa ndiyo inayokosa damu mapema, na sehemu yake ya mbele hufa. Sehemu ya nyuma ina mishipa yake na mara nyingi husalimika, ndiyo maana wengi wao hawakojoi kupita kiasi.

Kifo hicho hakijitangazi chote siku moja. Maziwa hukosekana wiki ile ile. Hedhi hukosekana miezi inayofuata. ACTH na TSH zinaweza kupungua polepole kwa miaka, mgonjwa akizoea kila hatua ya kushuka hadi aamini kwamba ndivyo alivyo.

Sasa kosa la vipimo. Mwaka mmoja kabla ya kuanguka alipimwa TSH peke yake ikaja 2.1, katikati kabisa ya kiwango cha kawaida cha 0.4 hadi 4.0, akaambiwa tezi yake haina shida. Jibu hilo lingekuwa sahihi kwa mtu mwenye pituitari nzima. TSH ni amri tu, homoni yenyewe ni thairoksini. Thairoksini ikipungua, pituitari yenye afya hupaza sauti na TSH hupanda hadi 20, 50, hata 100. Thairoksini ikiwa chini na TSH imekaa kimya kwenye 2.1, maana yake anayetoa amri hana sauti. Na hata hiyo TSH anayotoa mara nyingi ni dhaifu: mashine ya maabara inaihesabu, lakini tezi ya shingo haiitikii inavyopaswa. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa aina hii TSH inaweza kuwa chini, ya kawaida, au hata juu kidogo, na katika hali zote tatu isikusaidie.

Wiki mbili kabla ya kuanguka, kituo kingine kilipima thairoksini huru na kuikuta 6.9 pikomoli kwa lita, wakati maabara nyingi huanzia kama 12. Hapo walikuwa wamegusa ukweli. Wakaandika "upungufu wa thairoidi" na kumpa mikrogramu 100 kwa siku, dozi inayolingana kabisa na kilo zake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini TSH haikupanda.

Kwa nini kidonge sahihi, kwa dozi sahihi, kwa mtu anayekihitaji, kikamwangusha?

Kotisoli ni homoni ya adrenali ambayo wengi huijua kama ya msongo wa mawazo, jina lililoipunguzia heshima. Kazi yake ni ya kila saa. Huifanya mishipa ya damu iitikie adrenalini, na bila hiyo mishipa hulegea na presha hushuka. Hulisukuma ini litengeneze sukari mtu anapofunga au kulala. Huizuia homoni inayobana mkojo isizidi. Ikikosekana, figo hushikilia maji na sodiamu ya damu huzimuliwa, kama chumvi kwenye mchuzi uliojazwa maji. Hupanda alfajiri kabla ya kuamka na kuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Homa, kuvunjika mfupa, upasuaji au msiba huipandisha mara kadhaa.

Thairoksini kwa upande wake huamua kasi ya mwili kuunguza chakula: joto, mapigo ya moyo, mwendo wa utumbo, na pia kasi ya ini kuvunja homoni nyingine, kotisoli ikiwemo. Huyu mama alikuwa na kotisoli kidogo sana, lakini kwa kuwa thairoksini nayo ilikuwa chini, mwili ulikuwa ukitumia kidogo na kuvunja polepole. Umaskini mmoja ulikuwa unauficha mwingine. Levothairoksini ilipoingia, mahitaji yalipanda na kotisoli ile kidogo ikaanza kuvunjwa haraka, na hapakuwa na ACTH ya kuiambia adrenali iongeze. Ni kuchochea kuni chini ya sufuria yenye maji kikombe kimoja.

Muda nao unakubali. Nusu ya thairoksini iliyomo mwilini huchukua kama siku 7 kuondoka, hivyo dozi za kila siku hurundikana taratibu. Kufikia siku ya 11 alikuwa na karibu theluthi mbili ya kiwango cha mwisho cha dozi ile. Siku za mwanzo za uchangamfu zilikuwa za kweli, na siku za kutapika pia.

Dripu ya alfajiri ilitenda mawili. Sukari ilimwinua, ndiyo maana alijisikia nafuu. Lakini sukari ikishatumika, kinachobaki ni maji matupu, na figo zake hazikuwa na uwezo wa kuyatoa. Sodiamu ikazidi kushuka.

Saa ya kwanza

Damu ya kupima kotisoli ilichotwa wakati kanula inawekwa, ikatengwa pembeni. Majibu hayasubiriwi. Mgonjwa aliyeshuka presha akishukiwa upungufu wa kotisoli huchomwa sindano kwanza. Kumpa bure asiyehitaji hakuna madhara ya maana, kumnyima anayehitaji ni kumpoteza.

Alipewa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa. Mshipa ukikosekana, dozi hiyo hiyo huchomwa kwenye msuli wa paja. Kisha 50 kila baada ya saa 6. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 lita moja ndani ya saa moja, na glukosi ya asilimia 10 mililita 150 kwa ajili ya ile sukari ya 2.7, ikapimwa tena baada ya dakika 15. Kama haidrokotisoni haipo, na mara nyingine haipo kweli, deksamethasoni miligramu 4 kwenye mshipa huokoa, na mashine ya maabara haiihesabu kama kotisoli. Haishikilii chumvi mwilini kama haidrokotisoni, lakini kwa mgonjwa wa pituitari hilo si pengo kubwa, kwa sababu homoni yake ya chumvi, aldosteroni, bado ipo: hiyo huongozwa na figo zaidi kuliko pituitari. Ndiyo siri ya potasiamu yake kubaki 4.2.

Levothairoksini ilisimamishwa. Baada ya dakika 40 presha ilisoma 96/60 na mgonjwa akaomba maji. Kasi ya kuamka kwa watu hawa humshangaza anayeiona mara ya kwanza.

Hapo wengi hupumua, na hapo ndipo hatari ya pili inapoingia. Kotisoli ikirudi, homoni inayobana mkojo huachia, na figo zilizokuwa zimeshikilia maji kwa wiki huyamwaga kwa pamoja. Saa 1 usiku alikuwa anatoa mkojo mililita 350 kwa saa, mweupe kama maji ya bomba. Sodiamu iliyokuwa 117 ikasoma 124. Ikipanda kwa zaidi ya milimoli 8 hadi 10 ndani ya saa 24, ala za mishipa ya fahamu katika shina la ubongo zinaweza kuchubuka, na siku chache baadaye mgonjwa aliyekuwa anazungumza vizuri anapooza au anashindwa kumeza. Kwa aliyekonda au mwenye potasiamu ndogo, 8 ndiyo mwisho.

Dripu ya chumvi ikafungwa. Ikawekwa ile ile ya sukari ya asilimia 5 iliyokuwa kosa alfajiri, sasa kwa makusudi, kwa kiasi cha kufidia mkojo unaotoka, sodiamu ikipimwa kila baada ya saa 4. Mwishoni mwa saa 24 ilisoma 125. Wodi isiyoweza kupima sodiamu usiku ihesabu mkojo kila saa. Ukizidi mililita 100 kwa saa huku mgonjwa anapata chumvi, hiyo ni ishara ya kupunguza na kuanza kutafuta rufaa.

Kuthibitisha, na vinavyofanana

Kotisoli ya ile damu ya kwanza ilirudi nanomoli 44 kwa lita. Mtu aliye katika hali ile angetakiwa kuwa na zaidi ya 500. Kwa anayepimwa akiwa ametulia, damu huchukuliwa saa 2 asubuhi: chini ya 100 upungufu karibu hauna shaka, juu ya 400 hivi hauwezekani sana, na katikati hufanyika kipimo cha Synacthen (sindano ya ACTH ya kutengenezwa) cha mikrogramu 250, kotisoli ikipimwa dakika 30 baadaye. Kipimo hicho kinaweza kudanganya wiki chache baada ya pituitari kuumia, kwa kuwa adrenali haijasinyaa bado. Kwa huyu, miaka minne baadaye, hakikuhitajika. Prolaktini, FSH na LH zote zilikuwa chini. Picha ya MRI ikipatikana huonyesha kishimo cha mfupa cha pituitari kikiwa karibu kitupu, lakini matibabu hayaisubiri.

ACTH haikupimwa. Damu yake inatakiwa kukaa kwenye barafu na kufika mashineni upesi, na jibu la sampuli iliyozunguka mjini kwenye bodaboda ni afadhali lisiwepo. Ngozi ilisema vya kutosha. Adrenali zenyewe zikifa, kama kifua kikuu kinavyoweza kuziua, ACTH hupanda na ngozi huwa nyeusi kwenye mistari ya viganja, ufizi na makovu, na potasiamu hupanda. Huyu alikuwa amepauka, viganja vyeupe.

Kuna kinachofanana zaidi, nacho kimejaa mitaani: mkorogo wa kung'arisha ngozi wenye klobetasoli, na vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa kimyakimya kwa wanaotaka kunenepa. Vyote hufanya kazi kama kotisoli, hivyo huilaza pituitari, na mtu akiacha ghafla huanguka kama alivyoanguka mama huyu. Uliza "unapaka nini usoni?" kwa sauti ya kawaida, bila kuhukumu, la sivyo hutajibiwa ukweli. Mgonjwa huyu hakuwa anatumia.

Dawa za nyumbani

Kotisoli kwanza, thairoksini baadaye. Mpangilio huo haugeuzwi. Siku ya 3 alihamia vidonge. Haidrokotisoni ikipatikana ni miligramu 15 hadi 20 kwa siku, kwa mfano 10 saa 1 asubuhi, 5 saa 7 mchana, 5 saa 11 jioni. Ikinywewa usiku hufukuza usingizi. Haikupatikana kwa uhakika wa kila mwezi, akawekwa kwenye prednisoloni, dawa ya kundi lile lile, kidonge kimoja cha miligramu 5 asubuhi baada ya chai. Siku ya 6 levothairoksini ilirudishwa kwa mikrogramu 50, wiki mbili baadaye 100. Hiyo hunywewa kwa maji tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, na vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nayo kwa saa 4, vinginevyo madini ya chuma huikamata tumboni.

Homoni za uzazi hurudishwa pia, hasa kwa ajili ya mifupa, hadi umri wa ukomo wa hedhi. Akitaka mtoto mwingine inawezekana kwa msaada wa kuamsha ovari.

Kinachowaua watu hawa nyumbani ni prednisoloni kuachwa. Muuza duka la dawa atamwambia "hizi steroidi zitakuvimbisha uso," na atakuwa sahihi kwa mgonjwa wa pumu anayekunywa vidonge 8 kwa siku. Kidonge kimoja kinarudisha tu kile ambacho mwili wake ungetengeneza. Sheria alizopewa, zikarudiwa mbele ya dada yake:

Homa yoyote, malaria ikiwemo: kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni hadi siku 2 baada ya homa kuisha. Akitapika kidonge ndani ya saa moja, arudie; akitapika tena, ni sindano ya haidrokotisoni 100, si kusubiri kesho. Kung'olewa jino, kuzaa, kufanyiwa upasuaji: aseme kabla. Akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dozi ipitiwe upya siku hiyo hiyo, maana rifampisini huifanya ini iivunje dawa yake haraka na dozi huweza kuhitaji kuongezwa maradufu. Akienda Ukerewe kusalimia, abebe vidonge vya wiki mbili zaidi, kwa sababu ziwa likichafuka hakuna meli, na chupa moja ya haidrokotisoni na bomba la sindano vikae kwenye mkoba, si kwenye sanduku.

Baada ya wiki 8 alirudi akiwa ameacha sweta. Presha 112/70, sodiamu 139, thairoksini huru 16.

TSH ilisoma 0.04. Mtabibu mgeni aliyekuwa zamu aliiona, akaandika kwamba dawa imezidi, akaelekeza ipunguzwe hadi 50. Kwa mgonjwa wa tezi ya shingo angekuwa sawa. Kwa huyu, pituitari iliyobaki kipande huzima TSH hata kwa dozi inayomfaa, na kinachofuatwa ni thairoksini huru pekee, ibaki katikati hadi nusu ya juu ya kiwango. Dozi ikarudishwa 100 siku ile ile, na juu ya jalada la faili, kwa kalamu nyekundu, pakaandikwa: PITUITARI. USIPIME TSH. USISIMAMISHE PREDNISOLONI.